Mwacheni Bibi Apumzike

Kazi yangu ya kudarizi imerudi kutoka maonyeshoni, kadi ya majaji imebandikwa mgongoni. "Kazi safi. Matundu ya sindano yanaonekana upande wa kulia. Kitambaa kilipaswa kufuliwa baada ya kufumua." Pointi zimekatwa.

Kufuliwa! Matundu yale ndiyo kazi yenyewe. Nilidarizi benchi lenye watu wawili, kisha nikamfumua mmoja, uzi baada ya uzi kwa ncha ya sindano, siku tatu, bila kukigusisha kitambaa maji ili matundu yasijifunge. Aliyeketi pale hayupo tena, yamebaki matundu yenye umbo lake. Ukikiinua kitambaa dirishani unamwona mpaka kola ya gauni. Nikawaita majaji vipofu, na mengine nisiyoweza kuyaandika hapa.

Halafu nikayasoma maelezo ya msanii niliyoyaandika mwenyewe. "Nilifundishwa kushona na bibi yangu nikiwa na miaka saba. Napenda rangi na utulivu unaoletwa na sindano." Basi. Kuhusu benchi, kimya. Kuhusu matundu, kimya. Jaji ana dakika chache mbele ya kila fremu, na jina langu limefunikwa. Angejuaje?

Jamani, bibi zetu wamechoka. Niliuzunguka ukumbi ule nikisoma maelezo ya kila mtu, na bibi alikuwa kila ukuta: bibi na kikapu chake cha nyuzi, bibi na kastabini yake, bibi na subira zake. Sina ugomvi naye. Wangu ndiye aliyenichapa vidole nilipofunga fundo nyuma ya kitambaa badala ya kuuficha mwisho wa uzi chini ya mishono, na hadi leo sifungi fundo. Lakini si yeye aliyeamua nitumie unyuzi mmoja kati ya sita zinazounda uzi kwenye vivuli, wala si yeye aliyefumua. Tunapewa maneno 100 tuseme kile ambacho jicho peke yake halikioni: kwa nini sufu na si hariri, kwa nini kona ile imeachwa tupu, nini kilikuwepo kikatolewa. Sisi tunayamaliza yote kwa kusimulia utoto.

Najua wapo watakaonijibu kwamba kizuri chajiuza. Haya, chukueni kitambaa maarufu cha kudarizi cha Bayeux, Ufaransa. Karibu mita 70 za sufu juu ya kitani, kazi ya karne ya 11, na picha zake zimeandikiwa maneno ya Kilatini kwa sindano hiyo hiyo. Panapouawa Mfalme Harold wa Uingereza, maneno yanasema ameuawa, na bado wataalamu wanabishana Harold ni yupi: mwenye mshale usoni, au yule anayeanguka kando? Na huyo anayeanguka ana nini karibu na jicho? Matundu ya sindano! Uzi haupo. Wengine wanasema palikuwa na mshale, wengine wanakataa. Kama matundu ya Bayeux hayajajieleza kwa zaidi ya miaka 900, yangu yangejieleza vipi asubuhi moja?

Na ninyi wa upande wa pili, ambao kazi zenu "zinahoji mpaka kati ya uwepo na utupu", msicheke. Nilisimama mbele ya moja iliyopata utepe wa mshindi wa kwanza. Uzi mwekundu ulikuwa umevushwa kwa nyuma kutoka ua hadi ua bila kukatwa, na unaonekana wazi chini ya kitambaa cheupe. Huo ndio mpaka uliohojiwa? Nakiri, kwa shingo upande, kwamba pale ndipo niliposimama muda mrefu kuliko kwingine kote. Maneno yalinishika. Inauma.



Lile benchi linaingia maonyesho mengine mwezi ujao, na maelezo nimeyaandika upya: "Walikuwa wawili. Mmoja nimemfumua kwa siku tatu. Kitambaa hakijafuliwa, matundu yameachwa makusudi." Maneno 12. Nimebakiza 88 na sijui niyafanyie nini, maana aliyekuwa ameketi pale ni bibi.