Kikulacho ki nguoni mwetu, wapenzi wa mimea walawadudu

Siku ya kwanza kwenda kuiona Dionaea porini, ule mmea unaonasa wadudu kwa majani yanayojifunga kama mdomo, niliikanyaga.

Nilikuwa natafuta kitu kikubwa, chekundu, kimeachama kama kwenye picha. Kumbe mmea wenyewe ulikuwa chini ya kiatu changu, umezama kwenye nyasi, mdogo wa kuenea kiganjani. Mzee aliyetuongoza alinishika bega akaniambia nisisogee, kisha akapiga magoti. Na sisi wengine tukapiga magoti. Tulikuwa watu 6, na kwa muda wa saa nzima sidhani kama tulivuka hatua 20.

Hapo ni Green Swamp, Carolina Kaskazini, Marekani. Mmea huu umesambaa duniani kote kwenye vikopo vya dukani, lakini kwao ni mahali pamoja tu: uwanda wa pwani wa Carolina Kaskazini na Kusini, takriban kilomita 120 kuuzunguka mji wa Wilmington. Hauna kwao kwingine.

Watu huniuliza kwa nini nisiende peke yangu, nikafaidi ukimya. Nimewahi. Nilirudi nimeona nusu ya vilivyokuwepo. Kila mpenzi wa mimea hii ana ugonjwa wake, na dawa ya upofu wako ni ugonjwa wa mwenzako. Mimi naugua magudulia, yale majani yaliyojikunja yakawa vyombo vya kuzamishia wadudu. Katika kundi lile alikuwapo dada mmoja asiyejali kingine ila Utricularia. Wengine tulikipita kimaua cha njano kando ya dimbwi. Yeye akalala kifudifudi na lenzi yake. Mtego wa Utricularia ni kibofu kidogo kilichojificha majini au kwenye tope. Kiduduu kikigusa vinywele vya mlangoni, kibofu humfyonza ndani kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Dionaea inayosifiwa kwa wepesi huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, na tena ni mpaka vinywele vyake viguswe mara 2 ndani ya sekunde 20 hivi. Tangu siku ile siwezi kupita dimbwi bila kuinama.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, anayeanza asianzie porini. Aanzie kwenye kitalu, iwe bustani kubwa ya mimea kama Kew ya London au ile ya Atlanta, au banda la mtu binafsi aliyejaza vyungu mpaka pa kukanyaga hakuna. Kitaluni ndiko jicho linakofunzwa. Unaziona Sarracenia flava na Sarracenia leucophylla, magudulia ya aina mbili, zikiwa ubavu kwa ubavu, moja ya manjano, nyingine kilele chake cheupe chenye mishipa myekundu, na hutazichanganya tena. Unaiona Drosera ikimeta matone yake, ukidhani ni umande, kumbe ni ulimbo kama ule wa kunasia ndege, ila huu ni wa kunasia mbu. Charles Darwin alihangaika nayo miaka mingi kabla ya kuchapisha kitabu chake kuhusu mimea hii mwaka 1875, na ukiitazama jani lake likimkunjia nzi polepole utamwelewa.

Tena mwenye kitalu mzuri hakufichi makosa yake. Mimi Dionaea yangu ya kwanza niliiua kwa mapenzi: maji ya bomba kila asubuhi na vipande vya nyama mdomoni. Nilipomsimulia mwenye banda mmoja, alicheka mpaka akakaa kitako, halafu akanionyesha pipa lake la maji ya mvua. Mimea hii imezoea udongo fukara, usio na naitrojeni wala fosforasi ya kutosha. Ndiyo sababu ikageukia wadudu. Chumvichumvi za maji ya bomba huijia mizizi yake kama sumu.

Ila kitalu kina uongo wake. Chunguni mmea unaonekana kama kitu kinachojitegemea. Kule Green Swamp tulipita mahali palipochomwa moto, magogo meusi, majivu bado yanatia viatu weusi, mimi moyoni nikawaza hasara. Mzee akasema moto ule umewashwa kwa makusudi na wenye kuitunza hifadhi. Misonobari ile yenye majani marefu huvumilia moto, vichaka havivumilii. Usipopita moto kwa miaka kadhaa, vichaka hufunga mwanga, na Dionaea hufa kivulini bila kuguswa na mtu. Hakuna chungu kitakachokufundisha hilo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Tunapenda kumlaumu mjenzi wa nyumba na mkaushaji wa vinamasi, na kweli wana lawama yao. Lakini ndani ya mlango wetu kuna nini? Kuiba Dionaea porini ni kosa kubwa la jinai Carolina Kaskazini tangu Desemba 2014, kosa la kumfunga mtu, na bado inaibwa. Anayeiba huuza. Nani ananunua? Tazama Nepenthes clipeata, gudulia linaloota kwenye majabali ya mlima Kelam tu, huko Borneo. Mbali na moto, waliokaribia kulimaliza ni wakusanyaji. Mpita njia hana habari ya kupanda jabali kwa ajili ya jani lenye umbo la ngao. Anayelijua jina lake, anayejua lilivyo adimu, anayekosa usingizi kwa kulitamani, huyo ni mwenzetu.

Na si kung'oa tu. Sarracenia purpurea ni ya Amerika Kaskazini, lakini leo inaota kwenye vinamasi vya Ireland na vya Uswisi kwa sababu kuna watu waliona pangependeza wakiipanda. Huo nao ni upenzi, na umewapa kazi ya kung'oa wale wanaovitunza vinamasi hivyo.

Kwa hiyo kuna jambo moja ambalo nimekuwa mkali nalo, hata rafiki zangu wananiona mchoyo: mahali halisi pa mmea adimu hapatangazwi. Picha, ndiyo. Nchi na mkoa, sawa. Lakini simu nyingi huandika ndani ya picha yenyewe mahali ulipopigwa picha mmea, hatua kwa hatua, na anayejua kutafuta atafika. Zima hiyo kitu kabla ya kushuka garini. Wako wanaosema kuficha kunaua hamasa, kwamba watu hutetea wanachokijua. Nawasikia, na kuna sehemu za wazi zinazotosha kuwafundisha watu: jimbo la Oregon lina hifadhi ndogo karibu na Florence yenye njia ya mbao, unatembea huku Darlingtonia, nazo ni magudulia, zimekuinamia vichwa kama nyoka wa swila, bila kukanyaga hata moja. Anayetaka kupenda aanzie hapo. Jabali lenye mimea iliyobaki ya kuhesabika si darasa la wanaoanza.

Kundi liwe dogo vilevile. Watu 6 wanaweza kufuata nyayo za mmoja. 20 hufungua barabara, na kwenye kinamasi nyayo hukaa muda mrefu. Mtego usichokozwe kwa kidole ili tu ufunge watu wacheke, maana hufunga mara chache tu kisha jani hunyauka. Na hapa najua nitawaudhi baadhi: mwenye tabia ya kujaza mifuko asialikwe tena, hata akiwa bingwa wa majina ya Kilatini.

Jioni ile, tukiwa tunarudi, kijana mmoja kwenye kundi alimuuliza mzee jina la barabara tuliyoingilia, ili aje siku nyingine na rafiki yake. Mzee alikuwa ameinama anakwangua tope kwenye soli za viatu vyake kwa brashi, asije akabeba mbegu kupeleka kinamasi kingine. Hakuinua kichwa. "Mlete," alisema, "mnipigie simu, nitawapeleka mwenyewe." Kisha akatupitishia brashi.