Springi za kiti cha Beetle: pima waya kabla hujafungua pochi

Mpelekee fundi makochi kiti kilichobonyea cha Volkswagen Beetle ya miaka ya 60, na mara nyingi atakuongezea sponji juu na kukushonea kitambaa kipya. Kwa macho kinapendeza. Baada ya muda ncha ya springi iliyokatika inatoboa sponji, na pesa imeliwa.

Ukitaka kazi ya kueleweka, vua kitambaa, kisha nyanyua matandiko yaliyo juu ya springi. Katika Beetle nyingi za zamani ni manyoya na nyuzi za makumbi ya nazi zilizoshikamanishwa kwa mpira. Yakishaanza kumwagika unga wa kahawia, hayafai tena. Tafuta springi ambayo bado ni nzima, hasa upande wa abiria, ambao haukaliwi sana kama wa dereva. Isugue kutu kwanza, maana kutu hudanganya kipimo. Halafu chukua vipimo vinne: unene wa waya kwa venia (kipimo cha taya mbili kinachosoma sehemu ndogo za milimita), upana wa duara, idadi ya mizunguko inayobonyea, na urefu wake ikiwa haijabanwa.

Unene ndio wa kuuchunga zaidi. Ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya. Ukitoa waya wa milimita 3.5 ukaweka wa milimita 4, mengine yote yakibaki vilevile, ugumu unaongezeka kwa takriban asilimia 70. Nusu milimita tu! Kwa hiyo springi ya sofa iliyo sawa kwa urefu na upana inaweza kukupa kiti kigumu kama benchi la shule.

Kwa maoni yangu, chanzo bora ni kiti cha Beetle nyingine iliyokufa, ila uliza mwaka: viti vya mbele vilibadilika kwa modeli ya 1973. Ukikosa, fundi akusokotee kwa waya wa chuma cha springi. Waya wa kufungia nondo ukibonyezwa unabaki umebonyea. Na usikubali springi iliyokatika ichomelewe. Moto huharibu ugumu ambao waya ulipewa kiwandani, na itakatika tena kando ya pale ilipochomelewa. Kabla ya kurudisha matandiko, tandika gunia zito juu ya springi na ulifunge kwenye fremu, la sivyo waya utayakata kama msumeno.

Kiti cha nyuma nacho kina hatari yake. Betri ya Beetle imekaa chini yake, upande wa kulia. Springi zikilegea, mtu mzito akikaa, chuma kinagusa vichwa vya betri, cheche zinaruka, na yale matandiko makavu yanashika moto. Kifuniko cha betri ni lazima, hata kama springi ni mpya.

Ukimaliza, pima nafasi iliyobaki. Chomoa nyaya za betri, rudisha kifuniko, weka juu yake donge la unga wa chapati lenye kimo cha sentimita 5 ndani ya mfuko wa plastiki. Rudisha kiti, watu wazima wawili wakae upande huo na kujitupatupa kidogo. Nyanyua kiti, upime donge. Likiwa limebaki chini ya sentimita 2, mimi nisingerudisha zile nyaya. Ningefungua kiti upya.