Treni Haikumgonga Sheikh

Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu tangu juzi, kwamba Sheikh kagongwa na treni harusini, ni uongo. Sheikh hajavunjika mguu. Sheikh hakuguswa hata ncha ya kanzu. Treni ilimgonga mtu mmoja tu, mtu huyo ni mimi, na wakati huo nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya reli.

Jamaa yangu wa Kikwajuni aliyeirikodi sauti hiyo alikuwepo, tena alikaa pembeni ya buli la kahawa, mahali pazuri kabisa pa kuonea. Anaujua ukweli. Ila ukweli haumtoshi.

Basi sikilizeni kwa mwenye mbavu zake.

Ami yangu mnamjua, yule baharia mstaafu asiyeweza kumaliza kikombe bila ya kuwakumbusha watu kwamba Unguja ilikuwa na treni. Ukikaa naye kwenye baraza la kahawa la Jaws Corner ataanza na Sayyid Barghash na reli yake ya kwenda Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu wa kufugwa mpaka kilipoagizwa kichwa cha mvuke kutoka Uingereza mwaka 1881. Usipowahi kuondoka hapo, unaingizwa kwenye ile ya kampuni ya Kimarekani ya mwaka 1905, kutoka Ngomeni hadi Bububu, maili saba, ikipita milangoni mwa watu. (Wa Bara, msinitajie SGR yenu na kilomita 160 kwa saa. Ami hajawauliza.)

Sasa bwana harusi wetu ni mtu wa Bububu, na bibi harusi kwao Malindi. Ami akaona hiyo ni ishara. Halua lazima ije kwa treni.

Treni yenyewe anayo, alirudi nayo kutoka Ulaya alipoacha bahari. Si ile midogo ya mezani. Hii ni treni ya mfano ya bustanini, kipimo cha 1 kwa 22.5 cha treni ya kweli, reli zake zimeachana milimita 45, behewa moja linabeba sahani ya halua bila ya wasiwasi. Ana vichwa viwili. Kimoja kilianguka kutoka juu ya kabati, giya zikasagika meno. Cha pili kizuri kwa nje, kimekufa ndani. Akaniletea dukani Darajani, akakiweka juu ya amplifaya ya mtu, akasema, "Mwanangu, harusi Ijumaa."

Nikakifungua. Bodi, ile sakiti inayopokea amri za rimoti, imeliwa na chumvi ya hewa yetu, upande wa mota kijani kitupu. Mota nikaigusisha betri ya volti 9, ikazunguka vizuri. Nikairudisha kwenye bodi: taa zinawaka, honi inalia, mota kimya. Maana yake transista zinazoendesha mota zimekwenda na maji, lakini ubongo, taa na sauti vizima. Fundi mvivu angeitupa. Mimi nikaibadilisha kazi. Nikakata waya wa rangi ya chungwa na wa kijivu, ndizo zinazokwenda kwenye mota, nikauacha mwekundu na mweusi unaochukua umeme relini, bodi ikabaki ya taa na honi tu. Mota nikaipa bodi niliyoichomoa kwenye kile kichwa kilichosagika. Bodi mbili ndani ya tumbo moja, zimetulia kama wake wenza waliopatana.

Na nilipima, msije mkanisingizia. Mita ilithibitisha kwamba mota haigusani na reli popote, kwa sababu ikigusa tu, bodi inaungua papo hapo. Lihamu yangu inang'aa. Hiyo bodi ya pili ilikuwa imepewa namba ya kuitikia ambayo Ami kaisahau, kwa hiyo nikairudisha kwenye hali ya kiwandani: unaandika 8 kwenye kumbukumbu namba 8, inasahau yote na kuanza kuitika namba 3. Ile ya honi nayo nikaipa 3. Unabonyeza mara moja, zote mbili zinaitika. Nikajiona mtu wa maana sana.

Wanaojua mambo haya wameshaanza kucheka. Ngojeni.

Ijumaa, baada ya ndoa kufungwa msikitini, wanaume tukarudi nyumbani kwa bibi harusi, wanawake wako juu. Reli nimeitandaza kwenye mazulia, duara refu kati ya safu mbili za wazee. Behewa la kwanza halua ya Wete, la pili kashata, la tatu vijiko na karatasi za kufutia mikono. Kahawa Sheikh aliikataa mapema. "Kahawa iletwe na mtu," alisema. Mungu ampe umri.

Rimoti ilikuwa mikononi mwa mjukuu wa Ami, kwa amri ya Ami.

Mzunguko wa kwanza, raha tupu. Treni inatambaa, taa mbele, honi inalia kwa adabu. Sheikh akachota halua, akasema Mashaallah. Simu zikatolewa. Ami ameshaanza habari za Barghash.

Ikafika kwa baba wa bibi harusi.

Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu usingizini ndivyo inavyokuja.

Mzee akanyoosha mkono. Akachukua kijiko. Kijiko kina samli. Nakiona kinateleza kwenye vidole, nakiona kinageuka, nakiona kinalala juu ya reli mbili, kutoka hii mpaka ile, kimenyooka. Ting! Taa ikazima. Treni ikasimama. Mtambo wa umeme wa reli umejikata wenyewe, ndivyo ulivyotengenezwa, umenusuru nyumba.

Kimya. Mtu akauliza, "Umeme wa Tukuza umekwisha?"

Nikasema, "Hapana, wazee, kijiko tu." Nikatabasamu. Hilo tabasamu limo kwenye video, nimeliona, si la mtu mwenye akili.

Mzee akainama. Akakishika kijiko. Akakiinua.

Jamani, bodi ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, hurudishiwa na ruhusa ya kutembea kwa umeme wa kawaida, ule wa treni za zamani zisizojua amri za kidijiti. Umeme uliporudi kwa kigugumizi baada ya kile kijiko, bodi yangu ya mota haikusikia amri yoyote ya kueleweka. Ikadhani imewekwa kwenye reli za zamani. Na kwenye reli za zamani, umeme mwingi maana yake ni mwendo mwingi.

Ikampa mota wote.

Kichwa kile kina kilo kadhaa. Kiliondoka pale kwa mwendo ambao hata mimi sikujua kinao. Sahani ya kashata ilibaki hewani kidogo, kisha ikateremka kwa wajomba. Nikapiga kelele, "Zima!" Mjukuu akaogopa, akabonyeza alichokiona, nacho kilikuwa honi, akakimbia na rimoti juu kwa bibi yake. Ile honi ukiibonyeza mara moja inaendelea mpaka uibonyeze tena. Mota haimsikii mtu, lakini bodi ya honi inatii kila amri, kazi yangu nzuri hiyo. Basi nyumba nzima ni honi. Wanawake juu wakajua bwana harusi kaingia. Vigelegele!

Nikaona nikachomoe plagi. Plagi iko ng'ambo ya reli. Nikaruka, kanzu ikanisubiri chini ya kidole gumba. Hamadi! Nikaanguka katikati ya duara, tumbo juu ya reli, uso unaelekea kona. Na kwenye kona naiona taa. Inakuja. Inalia. Nina wakati wa kutosha wa kufikiri, "Hii taa nimeiunga vizuri sana."

Ilinipata ubavuni. Mabehewa yakapanda. Halua ya Wete haimwagiki, hung'ang'ania; ikanipita mgongoni nzima nzima ikaenda kujibandika kifuani kwa bwana harusi, kwenye joho la kukodi.

Baadaye plagi ilichomolewa, joho nimelilipia, ubavu umepakwa dawa ya karafuu, baba wa bibi harusi kaniomba radhi kwa kijiko na mimi nimemwomba radhi kwa kila kitu kingine. Sheikh alimaliza halua yake.

Jana nimekifungua tena kichwa. Kumbukumbu namba 29 ilikuwa 6, nimetoa 4, sasa ni 2. Ile ruhusa ya umeme wa kawaida imefutwa. Ami ameshaahidi harusi nyingine, Mkunazini, bila ya kuniuliza. Nimekubali kwa sharti moja: halua italiwa kwa mkono. Atakayeonekana na kijiko karibu ya reli, atatoka nacho nje.