Mita 12 ni mita 12!

Jamani, farasi wa kisiwa cha Assateague, kule Marekani, ni wa porini! Kanuni inasema ukae mita 12 mbali naye. Wewe unasogea na simu mpaka unahesabu kope zake, kisha akikupiga teke unashangaa? Na hilo boksi la chakula uliloliacha chini ya meza, unadhani farasi hajui kulifungua? Lifungie garini!

Halafu kuna hawa wapiga kambi wa vigingi vifupi vya hema. Mchanga mkavu haushiki kigingi cha urefu wa kidole, ndugu. Upepo wa Atlantiki ukivuma, hema lako linakwenda kusalimia majirani.

Na wewe unayekatiza juu ya matuta ya mchanga: majani yale ndiyo yanayoushika mchanga. Ukiyakanyaga yanakufa, tuta linapeperuka. Njia iliyotengwa hiyo hapo, ina miiba?