Msiwape vijana wote jibu moja

Nimesoma makala inayosema chuo kikuu ni kupoteza miaka minne, kwa kuwa waliohitimu wanaendesha tuktuk hapa Mombasa. Wapo kweli, nami nawajua. Lakini anayetaka kuwa daktari, wakili au mhandisi aliyesajiliwa hana njia nyingine, lazima digrii. Anayependa umeme, uchomeleaji au kazi za meli je? Kwa nini asomee asichokipenda ati kwa sababu alipata C+ kwenye mtihani wa kidato cha nne na KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, ikampa nafasi ya digrii?

Hilo ndilo linaloniuma. Kwetu Kisauni mzazi akisikia diploma huona mtoto amefeli, ilhali Bandari Maritime Academy na Kenya Coast National Polytechnic ziko papa hapa. Hata Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor, kilichopata hadhi hiyo 2013, bado kinafundisha diploma. Mwenye diploma aweza kuendelea na digrii baadaye, akiwa tayari ana ujuzi mkononi.

Na pesa pia. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo, una riba ya asilimia 4, na unaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Kijana wa miaka 18 anatia sahihi na hakuna aliyemkalisha chini akamweleza. Walimu wa kidato cha nne, tafadhali waelezeni haya kabla hawajachagua kozi. Nanyi wazazi wenzangu, muulizeni mtoto anataka kazi gani kabla ya kuwatangazia majirani kwamba anakwenda chuo kikuu.