Mmeiacha Maktaba ya Taifa ya Buenos Aires

Asante mwandishi kwa makala ya majengo ya kutazama Buenos Aires. Teatro Colón (jumba la opera) ya 1908 na Obelisco (mnara wa ukumbusho) ya 1936 zinastahili kutajwa, hilo sibishi. Lakini kuiacha Maktaba ya Taifa pale mtaa wa Recoleta si haki kabisa. Msanifu majengo Clorindo Testa na wenzake, Francisco Bullrich na Alicia Cazzaniga, waliichora mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikaja kufunguliwa 1992! Vitabu vimehifadhiwa chini ya ardhi, na vyumba vya kusomea vimeinuliwa juu ya miguu minne minene ya zege, ili uwanja wa chini ubaki wazi kwa watu. Zege lenyewe ni tupu, halina plasta wala rangi. Wapo wanaosema jengo ni baya. Mimi naona ni la kishujaa. Na kiwanja kina historia nzito: hapo palikuwa na makazi ya rais wa Argentina alimofia Eva Perón, mke wa Rais Juan Perón, mwaka 1952, yakabomolewa baada ya mapinduzi ya 1955 yaliyomwondoa mumewe madarakani. Ukitoka hapo, nenda katikati ya jiji ukaone na jengo la iliyokuwa benki ya Banco de Londres, la 1966, kazi ya Testa huyohuyo pamoja na ofisi ya wasanifu majengo ya SEPRA.