Kabla ya kuuza kiwanja, ujue nani analipia shahada ipi

Inaniuma kila ninaposikia familia imechangishana, au imeuza kiwanja, ili kijana akasome shahada ya uzamili (masters) Marekani kwa fedha za mfukoni. Inaniuma zaidi nikijua kwamba shabaha yake tangu mwanzo ilikuwa uzamivu (PhD), ila aliambiwa kuwa hakuna kufika huko bila kupitia uzamili.

Kwa vyuo vyetu vya Tanzania huo ndio utaratibu, na Ujerumani pia kwa kawaida watakudai uzamili kwanza. Marekani mambo ni tofauti. Katika fani nyingi, kuanzia kemia na uhandisi hadi uchumi na historia, mwenye shahada ya kwanza anaweza kuomba uzamivu moja kwa moja. Miaka ya mwanzo anasoma kozi, anafanya mitihani ya kupima kama yuko tayari kwa utafiti, ndipo anaingia kwenye tasnifu. Yote huchukua miaka mitano, sita, pengine zaidi, na mara nyingi shahada ya uzamili anaipata humo humo njiani.

Fedha nazo ziko huko. Programu nzuri za uzamivu humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho ya kujikimu. Naye husaidia kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza au hufanya kazi kwenye maabara ya profesa. Uzamili, kwenye vyuo hivyo hivyo, kwa sehemu kubwa hulipiwa na msomaji mwenyewe. Kwa hiyo barua ya kukubaliwa ikija, soma kwanza sehemu ya fedha. Kama ni uzamivu na hawakupi senti, mimi ningekushauri usiende.

Anayetaka uzamili aende kwenye ufadhili wake. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, hulipa ada na kumpa mwanafunzi euro 1,400 kwa mwezi. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia mwaka mmoja nchini humo, ila wanadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na ili upate viza ni lazima uonyeshe fedha za kujikimu mwaka mzima.

Sasa nije kwenye linalowaangusha wengi. Waombaji wetu huamini kwamba GPA, yaani wastani wa alama zao za chuo, ndiyo kila kitu. Lakini maombi ya uzamivu Marekani husomwa na wahadhiri wa idara yenyewe, na wanachotafuta ni dalili kwamba mtu huyu ataweza kufanya utafiti. Dalili hiyo huipata kwenye maelezo ya mwombaji na kwenye barua za mapendekezo, kwa kawaida tatu. Barua inayosema "ana nidhamu na alihudhuria vipindi vyote" haimsaidii mtu. Inayosaidia ni ile inayoeleza kwamba binti huyu aligundua kasoro kwenye takwimu za mradi wake, akarudi uwandani kuzikusanya upya, na kwamba kati ya wote aliowasimamia mwalimu huyo ni wachache wanaomfikia.

Ndiyo maana nawasihi wahadhiri wetu, kwa heshima zote: msimwambie mwanafunzi aandike barua mwenyewe kisha alete msaini. Najua mna madarasa ya mamia na masahihisho yasiyoisha. Hata hivyo, kijana hawezi kujisifia kama mwalimu wake anavyoweza kumsifia, na wasomaji wa upande wa pili hulitambua hilo haraka.

Nawe mwombaji, mfuate mwalimu Septemba, si wiki ya mwisho. Programu nyingi hufunga maombi Desemba au mapema Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba mwaka unaofuata. Mpelekee ripoti ya mradi wako na rasimu ya maelezo yako, apate cha kuandika. Ada ya maombi ikikushinda, iandikie idara kuomba usamehewe ada hiyo, maana vyuo vingi vina utaratibu huo. Na ukipata nafasi yenye ufadhili, usikubali kuharakishwa: vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi ana hadi Aprili 15 kutoa jibu lake.